Alama ya Kichwa Kwenye Kochi

Nilipotolewa hospitali nilikuta nimeshakuwa mjane na kochi langu limeshakuwa jeupe. Hayo mawili niliyajua siku tofauti. La mume wangu walinieleza kitandani, kwa uangalifu, wamekaa pande zote. La kochi hakuna aliyenieleza, nilijionea mwenyewe nilipofunguliwa mlango. Niliuliza la kochi kwanza. Watu wakatazamana wakasema kichwa bado hakijatulia.

Huenda ni kweli. Bajaji ilipinduka karibu na Mnazi Mmoja tukiwa ndani wote wawili, mimi nimeshika mfuko wa nyanya. Nakumbuka nyanya. Yeye alizikwa mimi sijitambui, na tangu siku hiyo mambo hunijia vipandevipande. Kwa hiyo haya nayaandika kama nilivyoyapata, na waliohusika nitawataja. Majina siandiki, wenyewe wanajijua: wifi yangu, jirani yangu wa mlango wa pili, na fundi viatu anayekaa chini pale kwenye ngazi.

Kochi lenyewe ni la ngozi, la watu watatu, na rangi yake ilikuwa ya tui. Mume wangu alikuwa na kibanda cha vitasa na kufuli Kariakoo, akalinunua kwa familia moja ya Upanga iliyokuwa inahama. Wabeba mizigo walilipandisha ghorofa ya tatu huku wananicheka. Kariakoo hii, vumbi hili, moshi huu, mtu anaweka kochi la rangi hiyo. Mama mwenye kochi alikuwa amenielekeza: kitambaa laini, maji kidogo, sabuni ya mtoto, ufute na ukaushe hapohapo. Usiliweke juani, litapasuka. Usilivike nailoni, wakati wa masika litaota ukungu. Niliyashika yote kama dua. Mgeni akija na jinzi mpya nilimpa kiti cha mbao, akasirike asikasirike.

Aliyenishinda ni mmoja tu. Mume wangu alipaka mafuta ya nazi kichwani kila asubuhi, kama walivyozoeshwa kwao tangu wadogo, na akirudi dukani alikaa upande wa dirishani, akaegemeza kichwa kwenye mto wa mgongo, akalala mdomo wazi. Ule mto ukaota alama. Ya mviringo, rangi ya chai ya rangi, kubwa kama kisahani. Nilifuta, ikarudi. Nikamtandikia kitambaa, akakikalia.

"Hili kochi umelinunulia nani?" alikuwa ananiuliza. "Mimi au wageni?"

"Umelinunua wewe."

"Basi niache nilale."

Ile alama ndiyo niliyokuwa naitafuta siku nimerudi. Kule hospitali, kila nilipopata akili, niliiwaza hiyo. Kaburi sikuliona, maiti sikuiona, nguo zake wenyewe walikwisha kuzigawa. Nikajisemea, alama ipo, ile haiendi popote. Nikafungua macho mlangoni nikaona kochi jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Si rangi yake hata.

"Nani kafanya hivi?" nikauliza.

"Kafanya nini, wifi?" akasema wifi yangu. Huyu ni dada yake mume wangu, wa tumbo moja, na ndiye aliyeshika nyumba siku zote za msiba. "Kaa, utaanguka."

"Kochi hili."

"Kochi limefanya nini? Si kochi."

Nikaingia eda, kwa hiyo nje sitoki. Mtu akitaka kuulizwa, aje mwenyewe. Wa kwanza kuja alikuwa jirani, na bakuli la uji.

"Mimi nilileta maji tu," akasema kabla sijamaliza swali. "Vyombo vyote vilitolewa nje, vikawekwa kwenye korido, si unajua, watu wakae kwenye mikeka. Kochi lako likawa hapo koridoni, karibu na ngazi. Watu mia wanapita, huyu kaweka sahani ya pilau, huyu mtoto. Tukasema, jamani, mwenyewe akirudi akilikuta hivi atazimia tena."

"Kwa hiyo mkaniogopa."

"Shoga, wewe kwa kochi hili unaogopesha."

"Nani alisema lifutwe?"

"Muulize wifi yako."

Wifi nikimuuliza anasema muulize jirani. Nikaona wananizungusha, au kichwa changu ndicho kinachozunguka, sikuweza kutenganisha. Nikamwita fundi viatu. Alikuja akasimama nje ya mlango, mimi nikiwa ndani nyuma ya pazia, kama eda inavyotaka.

"Mama, pole sana na msiba."

"Nishapoa. Kochi umelifanya nini?"

Nikasikia anajikuna.

"Walisugua wenyewe kwanza na sabuni ya unga, mama, wakalichubua. Ndiyo wakaniita. Mimi nikapaka ile dawa nyeupe."

"Dawa ipi?"

"Ile ya raba za wanafunzi. Si ngozi ni ngozi?"

Nikakaa chini. Kochi la rangi ya tui, nimelitunza kama macho yangu, limepakwa dawa ya raba. Sikujua nimlilie marehemu au nicheke. Nilifanya vyote, fundi akaondoka polepole.

Lakini dawa ya raba haipendi jasho, na Dar ni Dar. Nikawa nakaa pale mchana kutwa, sina pa kwenda, na kila nikiinuka gauni langu lina vumbi jeupe mgongoni. Nikafuta mto wa dirishani kwa kitambaa chenye maji. Rangi ikatoka kama unga. Chini yake, imefifia, nikaiona: ya mviringo, kama kisahani. Nikaweka shavu langu pale. Mafuta ya nazi. Nilikaa hivyo mpaka adhana.

Kesho yake, kwa furaha tu, nikasema nisafishe na mito mingine. Ule wa upande wa mlangoni nao ukatoa alama. Ya mviringo. Ukubwa uleule. Nikaunusa, nazi. Nikarudi kwa wa kwanza. Nazi. Ile mito inachomoka, inafanana yote mitatu, na ilitolewa koridoni ikarudishwa na watu nisiowajua. Nani anajua upi ulikuwa dirishani? Sabuni ya unga ilikwisha kuzifanya alama zote mbili hafifu sawasawa. Nilidhani naona mambo mawilimawili, walisema kichwa kinaweza kuniletea hivyo. Nikafumba jicho moja. Mbili.

Wifi yangu alikuja Ijumaa ana chupa mkononi. Dawa ya raba. Alikuwa amesikia kwa jirani kwamba rangi inatoka.

"Nije nikupakie tena," akasema. "Aibu, wageni watakuja."

"Weka chini hiyo chupa. Njoo uangalie hapa."

Akaangalia mto huu, akaangalia ule. Akakaa.

"Nani mwingine alilala kwenye kochi hili?" nikamuuliza.

Akawa anavuta ncha ya kanga yake. Mimi nikajua.

"Watu wako kwenye mikeka, dada wa marehemu yuko kwenye kochi," akasema. "Wangenisema mji mzima. Nilikuwa naaga naenda kuangalia masufuria. Nakuja hapo koridoni nalaza kichwa pale pake, kwenye alama yake. Kila siku. Nikilia, nalilia pale."

"Ndiyo ukataka ipakwe."

"Kanga yangu ilikuwa inaacha mafuta. Niliona nyumba nzima itajua."

Nikamwambia kitu kilichokuwa kinanizungusha tangu jana: angelala kwenye alama ya kaka yake, alama ingekuwa moja. Mbona ziko mbili?

Akainuka. Akaenda kwenye mto wa kwanza, akanusa. Akaenda wa pili. Akarudi wa kwanza. Yeye pia hupaka nazi, mama yao ni mmoja.

"Basi mimi nililia wapi?" akasema.

Nikainusa tena yote miwili. Na nilikuwa nimejiandaa kumsema, maneno yote yapo, nimeyapanga tangu nitoke hospitali.

Sijamsamehe, nisiseme uongo. Wala jirani, wala yule fundi, ambaye nikipita sasa anainamia kiatu kama hanioni. Eda imekwisha. Rangi yote nimeitoa, kochi limebaki madoamadoa, wageni wanadhani lina ugonjwa. Nalifuta kama nilivyofundishwa, kitambaa laini, sabuni ya mtoto, nakausha hapohapo. Zile sehemu mbili naziruka.

Wifi huja Ijumaa. Anakaa upande wa mlangoni, mimi wa dirishani. Chai ikiisha tunabadilishana, hakuna anayesema kwa nini.