Kigari Kirefu cha Mama Mkwe

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimesimama katika yadi kule Seven Hills, mikono nyuma kama waziri anayekagua gwaride, nikichagua kati ya vigari viwili vya gofu. Ulikuwa mwaka wa pili wa korona, na mimi nilikuwa kijana wa miaka arobaini na tisa. Usicheke. Mbele ya mama mkwe, mwanamume ni kijana mpaka siku anayozikwa.

Nianze na mahali tulipokuwa tunaishi, maana bila hapo kisa hakisimami. Tulikaa pembezoni mwa Mount Druitt, huko Sydney, Australia, katika mtaa wa nyumba ndogondogo uliozungushiwa uzio mmoja. Barabara za ndani zilikuwa za mwenye ardhi, si za serikali, kwa hiyo wazee wa pale waliruhusiwa kuendesha vigari vya gofu kwenda kuchukua barua au kutupa taka. Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa ya kilima. Chini kabisa, karibu na kijito, aliishi dada mkubwa wa mama mkwe wangu. Kila mtu alimwita Yaya, kwa kuwa kwetu, Kongo ya mashariki, ndivyo tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa. Majina yao hao akina mama wawili siyataji. Mkwe hayataji.

Yaya alikuwa mgonjwa wa moyo, na masikio yake yalikuwa yamechoka kiasi kwamba kumpigia simu ni sawa na kuipigia friji. Mama mkwe wangu, aliyekaa nasi, alikuwa mzima isipokuwa magoti. Walikuwa wamekimbia vita pamoja, wakakaa kambini Kigoma pamoja miaka mingi, wakaletwa Sydney kwa ndege moja. Haja yao ilikuwa ndogo: kukaa pamoja kila siku, walau saa mbili, wazungumze. Kati yao kulikuwa na kilometa moja na kilima. Gari la nyumbani lilichukuliwa alfajiri na mke wangu, Mama Riziki, kwenda Lidcombe alikokuwa akihudumia wazee. Mimi nilipanda treni mchana kwenda kwenye ghala, asubuhi nipo nyumbani bure. Kiti cha magurudumu alichopewa na hospitali mama mkwe alikitumia kuanikia nguo. Alisema yeye si mgonjwa, magoti tu ndiyo yamezeeka kabla yake.

Ndipo likanijia wazo la kigari. Nami sikumwambia mtu. Nilitaka liwe jambo la kushangaza nyumba nzima.

Sasa mwanangu, nilikuwa nimetoka kuhitimu shule ya jioni, cheti cha mambo ya umeme, na cheti kile kilikuwa kimenipanda kichwani kama pombe ya mtama. Mzee mwenye yadi, Mzungu mwenye ndevu zilizofika karibu kwenye mkanda, alinionyesha vigari viwili vilivyokuwa vimestaafu kwenye uwanja wa gofu. Vyote viwili alikuwa ameviinua: amefunga springi ndefu na magurudumu manene, vikasimama juu kama jogoo aliyekanyaga maji ya moto. Kimoja chekundu, betri zake za kizamani, za kuongezwa maji kila mara, nzito kama dhambi. Kingine cheupe, betri ya litiamu, nyepesi, inayochajiwa ukimaliza kunywa chai imejaa. Kile chekundu kilikuwa na taa sita mbele. Cheupe kilikuwa na kiti cha nyuma cha ngozi, kinachotazama kule mnakotoka.

Nilikaa pale saa tatu. Nilipima volti, nikalala chini kuangalia breki, nikauliza maswali hata mzee yule akaenda kula akarudi akanikuta naendelea. Nilivipandisha vyote viwili kwenye mwinuko wa yadi yake, na nakwambia, kile cheupe kilipanda kana kwamba kingeendelea mpaka mawinguni. Nikachukua cheupe. Njiani nilijisifu kwamba hajawahi kutokea mtu katika jimbo zima la New South Wales aliyechagua kwa akili vile. Kipya kinyemi, wahenga walisema, nao hawakuishia hapo, lakini mimi siku ile niliishia hapo.

Wiki hiyohiyo serikali ikatufungia. Tukaambiwa tusitoke ila kwa kazi, chakula, dawa, na kumhudumia mgonjwa. Yadi ya Seven Hills ikafunga lango. Ndani ya mtaa wetu hakuna aliyeazima hata kijiko, sembuse kigari. Nikasema moyoni, Mungu amenitangulia, nimenunua kabla ya dhoruba.

Jumatatu nikakileta mbele ya mlango. Mama mkwe akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani, barakoa usoni, mkoba mkononi. Akakizunguka kigari. Akakishukuru kwa mbali, maana hakunitazama, sisi hatutazamani. Kisha akainua mguu.

Mguu haukufika. Kidato cha kupandia kilikuwa juu ya goti lake. Akajaribu mguu wa pili, nao ukarudi chini. Binti yangu Riziki, aliyekuwa na miaka kumi na saba na mwembamba kama uzi, akaenda nyuma ya bibi yake akasukuma. Bibi hakupanda hata nusu. Riziki akanigeukia, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba nimbebe tu, kuna ugumu gani.

Nikapiga hatua mbele. Mikono yangu ikanyooka yenyewe.

Hewa ikasimama, mwanangu. Mkwe hamshiki mama mkwe wake. Hampi hata mkono wa salamu. Akimpokeza kikombe, anakiweka mezani kwanza. Na mimi nilikuwa nimenyoosha mikono miwili kana kwamba naenda kupakua gunia. Mama mkwe akateremsha mguu taratibu, akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Nimesahau kitambaa changu." Akaingia ndani. Hakutoka tena siku hiyo.

Siku ya pili kichwa kilimuuma. Ya tatu alikuwa na nguo za kufua. Ya nne alijaribu kushuka kwa miguu na fimbo, akafika kwenye nguzo ya tatu ya taa, akakaa ukingoni mwa njia mpaka Riziki akamrudisha. Baada ya hapo akawa anakaa dirishani, akitazama upande wa kijito.

Utaniuliza, na mke wako je? Mke wangu alikuwa akitoka kwenye nyumba ya wazee ambako ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Alilala chumba cha peke yake, alikula peke yake, hakumsogelea mama yake hata hatua tatu. Yeye aliyeruhusiwa na mila alikatazwa na korona. Mimi niliyeruhusiwa na korona nilikatazwa na mila. Na kigari kile kizuri kilisimama nje, kimejaa chaji, kinang'aa.

Kazi pekee kilichofanya ilikuwa kubeba sufuria. Kila asubuhi mama mkwe alipika sombe, yale majani ya mhogo, au uji wa mtama, nami nikampelekea Yaya. Niliiweka sufuria barazani, nikarudi nyuma hadi kwenye nyasi, naye akafungua mlango akaichukua. Yaya naye ni mama mkwe kwangu, kwa hiyo tulikuwa hatusemezani. Ningeweza kuendelea hivyo mwaka mzima na kujiona mkwe bora duniani.

Siku ya kumi na moja Yaya alifungua mlango, akaivuta sufuria, lakini hakuingia nayo ndani. Akakaa kwenye kigoda, akaishika masikio. Kisha akaanza kusema nayo, kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia vizuri.

"We sufuria, leo nina neno na wewe. Mtu amenunua gari refu kama twiga, ampakie mtu asiyeweza kuinua mguu. Nakuuliza, sufuria. Kabla hajanunua, alimuuliza nani?"

Nilitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu mwingine. Nikavua kofia, nikaijibu sufuria, nikipaza sauti kuliko mhubiri wa sokoni.

"Sufuria, mwambie mama kwamba mkwe hamuulizi mama mkwe habari za magoti yake. Ni aibu."

"Sufuria, mwambie hapo amesema kweli. Mkwe haulizi. Lakini mkwe ana mke. Mila imemziba mdomo mmoja, ikamwachia wa pili. Huo wa pili aliufungia wapi?"

Swali hilo halikuwamo katika cheti changu chote. Nilikuwa nimeuliza betri, nimeuliza breki, nimeuliza magurudumu, na nilikuwa sijauliza mtu hata mmoja wa nyumbani kwangu. Nilikuwa nimeficha kwa sababu nilitaka kupigiwa makofi, halafu ukimya wangu nikauita heshima.

Yaya akasema tena, sasa kwa sauti ndogo hata nikasogea ili nisikie:

"Na wewe sufuria, usidhani napenda kuongea na masufuria. Naongea na wewe kwa kuwa mdogo wangu hayupo wa kuongea naye. Leo ni siku ya kumi na moja tangu gari hilo lifike. Siku zangu mimi hazina nyingine za kuzifuata nyuma."

Akainuka, akaingia ndani na sufuria yake. Jungu kuu halikosi ukoko, ndivyo tunavyosema. Mimi siku ile nilikula ukoko mtupu, tena ulioungua.

Jioni hiyo niliomba ruhusa kazini. Nilisimama nje ya chumba cha mke wangu, nikamweleza yote kupitia mlango. Akacheka kicheko kile kisicho na furaha sana. Aliniambia kwamba ningemuuliza siku ile ya kwanza angenijibu kabla sijafunga viatu. Akampigia simu mama yake aliyekuwa chumba cha pili, ukuta mmoja kati yao. Nikawasikia wakiongea muda mrefu. Jibu likarudi kupitia mlangoni: mguu wa mama unapanda urefu wa tofali moja lililolazwa. Zaidi ya hapo, la. Na anataka kitu cha kushikia upande wa kulia.

Tofali moja. Neno lile lingesemwa kwa pumzi moja, na mimi nilikaa saa tatu yadini.

Basi nikakumbuka ghala letu. Pale hatuinui mzigo kutoka chini kuupeleka juu ya lori. Tuna jukwaa la saruji lililo sawa na sakafu ya lori, mzigo unaingia kwa usawa. Siku zote nilidhani nalitazama jukwaa lile, kumbe nilikuwa nalikanyaga tu. Nikamwomba msimamizi paleti zilizovunjika, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, akanipa nyingi hata nikashindwa kuzipakia zote. Kwa siku mbili nilipiga misumari hata majirani Wazungu wakadhani natengeneza safina. Nikajenga majukwaa mawili, moja mlangoni kwetu, moja kwa Yaya. Kila moja lilikuwa na vidato vya tofali moja moja, na reli ya mbao kulia. Mke wangu alikuwa dirishani na kila nilichopima akakihakiki kwa mama yake kwa simu kabla sijapiga msumari.

Asubuhi ya tatu mama mkwe alipanda vidato vyake mwenyewe, pole pole, kama malkia anayekwenda kutawazwa. Juu ya jukwaa alipiga hatua moja ya usawa, akakaa kwenye kile kiti cha nyuma. Na kiti kile, kumbuka, kinatazama nyuma. Mgongo wake kwangu, mgongo wangu kwake. Aliyekitengeneza, nahisi, alikuwa na mama mkwe. Tukashuka kilima kwa mwendo wa kobe aliyeshiba, hakuna aliyemtazama mwenzake, na hakuna aliyevunja kitu.

Walipata wiki tano. Kila asubuhi nilimshusha, nikakaa mbali kwenye nyasi nikisoma, nikiwasikia wakicheka na kugombana juu ya mambo ya kwao Uvira yaliyotokea kabla sijazaliwa. Wiki ya sita Yaya alifariki, kwenye kiti chake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake. Tuliruhusiwa watu kumi tu kumzika.

Mama mkwe hajawahi kunitajia zile siku kumi na moja, si kwa mdomo wake wala kwa mdomo wa mke wangu. Kigari bado anakipanda kwenda kuchukua barua. Anayezihesabu siku zile ni mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikilize. Ukiwekewa vitu viwili mbele yako, kabla hujatazama kipi kina taa sita na kipi kina betri nyepesi, uliza ni nani atakayepanda. Inawezekana vyote viwili si vyake, nawe unajisifu kwa kuchagua kosa zuri zaidi. Kuuliza si ujinga. Na kama adabu inakukataza kumuuliza mhusika mwenyewe, jua kwamba adabu zetu hazikuwahi kufunga mlango bila kuacha dirisha: kuna mke, kuna shangazi, kuna mjukuu, na wakishindwa wote kuna sufuria. Anayesema amenyamaza kwa heshima, ajichunguze kama hakunyamaza kwa kutaka sifa. Na usisubiri, maana aliyezeeka hana siku kumi na moja za kukupa ujifunze.

Nenda basi. Mungu akuinue bila kukuaibisha, akupe watu wa kukuuliza kabla ya kukuchagulia. Na siku magoti yako yatakapoanza kukusaliti, akupe mkwe mwenye nyundo, na vidato vya tofali moja moja, na mtu wa kucheka naye huko unakokwenda.