Boma Lililochorwa Wodini

Kabla ya kidonda, kazi yangu ilikuwa kutembea. Nilisoma mita za maji mjini Homa Bay, nyumba kwa nyumba, kwa miaka kumi na tisa. Nilivaa gambuti, nikabeba daftari na chuma cha kufunulia vifuniko, na mbwa wa kila lango alinijua. Jioni nilirudi nyumbani karibu na Rangwe, nikala ugali, nikanywa soda mbili. Kiu haikuisha. Nilidhani ni jua.

Sikujua kwamba nina ugonjwa wa sukari, wala kwamba sukari huua hisia za nyayo. Siku moja nilivua gambuti la kulia nikakuta soksi imelowa damu. Msumari ulikuwa umepenya soli na kuingia chini ya kidole gumba, nami nilikuwa nimeukanyaga kutwa nzima bila kuhisi kitu. Nilicheka. Nilimwonyesha mke wangu, ambaye sote humwita Nyar Sindo, yaani binti wa Sindo. Yeye hakucheka. Nikaosha mguu kwa maji ya chumvi, kesho yake nikarudi kazini.

Wiki ya pili kidole kilikuwa cha zambarau. Wiki ya tatu kilikuwa cheusi, na ukikibonyeza kilitoa usaha wa kijani. Soksi zangu zilifuliwa mbali na nyumba kwa sababu ya harufu. Nilipoanza kutetemeka kwa homa, Nyar Sindo hakuniomba ruhusa tena. Alimwita kaka yake mwenye gari, wakanipeleka hospitali moja upande wa Migori ambako tulisikia kuna daktari mzuri wa upasuaji.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Mimi nilipewa cha nne. Wagonjwa wenzangu waliniambia kwamba zamani kuta zilikuwa za kijivu, na saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu mwaka juzi. Sasa hospitali ilikuwa imeamua kuzipamba ili wagonjwa wapate nafuu ya moyo. Wodi ya watoto ilichorwa twiga, ya akina mama ikachorwa maua. Kwetu walitaka tujisikie nyumbani, kwa hiyo mchoraji, msichana wa Kikuria kutoka Ntimaru aitwaye Boke, alichora boma zima kwenye ukuta ulioelekea vitanda. Alilimaliza siku niliyolazwa.

Lilikuwa boma zuri, nililipita nikipelekwa kitandani. Ua wa mimea, ng'ombe wanne, ghala la mahindi, na katikati nyumba ya mwenyewe iliyoezekwa nyasi. Nilitazama paa, macho yakapanda hadi kileleni. Hapakuwa na osuri.

Osuri ni kijiti kilichochongoka ambacho Wajaluo huweka juu kabisa ya paa la nyasi la mwenye boma. Mwenye boma akifa, huondolewa. Siku hizi wengi tunaezeka mabati na hatuna osuri, wala hakuna anayejali. Lakini paa la nyasi lenye kilele kitupu lina maana moja tu. Tulikuwa wanaume kumi na wawili wagonjwa, karibu sote Wajaluo, tukitazamana mchana kutwa na nyumba ya marehemu.

Hakuna aliyesema. Kwetu huzungumzi kifo mbele ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kukitaja. Kila mtu aliona na kila mtu alinyamaza. Wauguzi walitoka sehemu nyingine za nchi. Walipita wakilisifu.

Siku ya tatu daktari alikuja na majibu. Alikuwa kijana, na alikaa kwenye kiti kwanza kabla ya kusema, jambo ambalo bado namshukuru.

"Mzee, hii mguu imekufa mpaka kwa kifundo," alisema. "Nikikata sasa, nakata chini ya goti. Goti inabaki. Ukingoja, sumu itapanda, na sitakuwa na uhakika wa goti, wala wa wewe."

Nilimwambia nitafikiri. Alipoondoka niliangalia ukutani. Mimi ni shemasi kanisani kwetu na nilijiambia rangi ni rangi. Lakini nilikuwa nimeshaamua, bila hata kuomba, kwamba mimi ni maiti. Kwa nini nizikwe nusu? Nyar Sindo alipokuja na uji nilimwambia anipeleke nyumbani nikafie Rangwe.

"Nani amekuambia unakufa?" aliuliza.

Nilivuta shuka usoni. Alidhani ni uchungu wa mguu. Alininawisha, akanibadilisha shuka iliyolowa usaha, akaketi nami.

Kwenye kitanda cha tano, kilichotazamana kabisa na ile nyumba, alilala Mzee Odera, mvuvi wa zamani ambaye figo zake zilikuwa zimechoka. Kabla ya mchoro kukamilika, walisema, alikuwa bingwa wa mizaha. Alimwita kila muuguzi shemeji. Sasa aliomba ageuzwe aangalie mlango. Akaacha uji, kisha akaacha chai. Siku yangu ya nane wodini alifariki, mchana, wakati wa kugawa chakula. Siwezi kusema kwamba picha ilimuua. Daktari alisema figo, nami naamini ni figo. Ninachoshuhudia ni kwamba alikwenda bila kubishana, na kwamba kesho yake mgonjwa wa kitanda cha saba alitia sahihi kwamba anajitoa mwenyewe, akaondoka na kidonda wazi tumboni.

Mguu wangu ulikuwa umevimba hadi kwenye ugoko, ngozi iking'aa na kupasuka. Chakula kiliniishia mdomoni kwa harufu yangu mwenyewe. Daktari alikuja kila asubuhi na fomu ya kukubali upasuaji, nami kila asubuhi nikasema bado.

Siku ya kumi na moja kitanda cha Mzee Odera kilipata mgeni, mwalimu wa shule ya msingi aliyevunjika nyonga. Boke alikuwa amerudi kupaka vanishi. Mwalimu alilazwa, akavuta pumzi, akatazama mbele. Kisha akauliza kwa Kijaluo, kwa sauti ya darasani, "Mwenye hili boma alikufa lini?"

Boke, asiyejua Kijaluo, aligeuka akauliza mwalimu amesema nini. Watu walitazama shuka zao. Nikaona kwamba nisiposema mimi, hakuna atakayesema. Nikamweleza yote, osuri, Mzee Odera, na kitanda cha saba.

Aliweka brashi chini. "Nilipiga hiyo boma picha kwa simu, karibu na Rongo," alisema. "Nilipenda vile ilikuwa imetulia." Alifunika mdomo kwa mkono. "Baba, mbona hamkuniambia?"

Alileta ngazi akauliza osuri huwekwa wapi. Sauti zikatoka vitandani.

"Panda juu kidogo, nyathina, mwanangu."

"Hiyo ni fupi, ni kijiti ya kuchokoa meno."

"Chonga ncha. Sasa acha, acha hapo. Mwenye boma amerudi kutoka sokoni."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akashika mshono wake. Boke hakucheka. Aliomba kulala kwenye kitanda kilichokuwa wazi ili aone tunachoona. Akagundua kwamba ng'ombe wake wote hawaonekani, wamefichwa na vyuma vya vitanda. Tangu siku hiyo alichora kutoka juu kushuka chini, na kila alichochora alituuliza kwanza.

Mimi nilimwita sista nikaomba fomu. Daktari alifika, akafunua mguu, akabonyeza chini ya goti, halafu kwenye goti lenyewe. Alibonyeza mara mbili.

"Goti imeenda," alisema. "Ni juu ya goti sasa."

Nikatia sahihi.

Sitapamba yaliyofuata. Nilizinduka nikilia. Kidole kisichokuwepo kiliniwasha kwa wiki kadhaa, nami nilikuna shuka. Nilijifunza kujidunga insulini tumboni. Nilianguka chooni mara mbili. Lakini homa iliisha, kidonda kilifunga, nami nilirudi Rangwe nikiwa hai. Sasa napokea malalamiko ya wateja ofisini, nimekaa kitini.

Nilipozoea magongo nilikwenda nyumbani kwa Mzee Odera kumwomba mjane wake msamaha, kwa kuwa niliona na sikusema. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema mzee alimweleza siku ile ile boma lilipokamilika. Yeye alitaka kuwaambia wauguzi, mzee akamkataza. "Alisema yule mtoto amefanya kazi nzuri," mama akaniambia. "Hakutaka aaibishwe."

Namshukuru Mungu, daktari aliyekaa kwenye kiti, Nyar Sindo, na Boke ambaye hakukasirika. Kwenu mnaopamba hospitali, laleni kwanza vitandani, mkaulize waliomo. Kwako uliye na sukari, vua viatu kila jioni utazame nyayo, kwa macho, si kwa hisia. Na kwako uliyelazwa leo: kama kuna kitu kinakutisha, hata kama ni rangi tu, hata kama utachekwa, kitaje.

Mtu mwenye goti hupanda ngazi kwa mguu wa bandia. Mimi huzipanda kwa makalio, moja moja, nikitazama nyuma. Nilinyamaza siku kumi na moja.