Orodha ya Shemeji Bahizire

Mpe Fébronie karatasi yoyote, hata ya kupokelea kifurushi, ataigeuza kwanza aone nyuma kuna nini. Miaka kumi na moja kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilimfundisha hivyo, na miaka tisa ya kuogesha wazee hapa ughaibuni, Granville, haijamtoa tabia hiyo. Jina lako likishaingia kwenye orodha, husema, hujui litalala wapi.

Basi Jumapili ile mgombea udiwani mmoja mwenye tai alipoingia kanisani na sahani za biskuti, Fébronie alimtazama kwa jicho la pembeni. Mgombea huyo alitaka saini za kuizuia halmashauri isitoe pesa kwa tamasha la mashoga.

"Makubwa!" Fébronie akanong'ona. "Nyumba zetu zilipoota ukungu alikuwa wapi?"

Halmashauri nayo hakuiamini. Hao wakikupa kitu leo, kesho wanataka picha na wewe. Akajifanya anatafuta miwani, akaenda zake kuosha vikombe.

Lakini shemeji yake Bahizire, mzee wa kanisa, alisaini kama walivyozoea kambini, kwa kaya: mkubwa wa familia juu, wengine wote chini yake, asije mtu akakosa unga wa mgao. Akamwandika mkewe, akamwandika Fébronie, mjane wa kaka yake, akamwandika na Divine, binti wa Fébronie. Kisha, kwa furaha zake, akaipiga picha orodha na kuirusha kwenye WhatsApp ya kanisa.

Divine alikuwa amehamia mjini, anakaa na msichana wa Kikenya aitwaye Kawira. Miezi mitano hakukanyaga nyumbani. Fébronie alikuwa na shaka zake juu ya huyo Kawira, ila hakuwahi kuuliza, maana jibu alikuwa analiogopa. Juzi tu mtoto alikubali kuja kula Jumamosi, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilishatwangwa. Sasa picha ya orodha ilishamfikia, ukaingia ujumbe wake, kwa Kiingereza kikavu: Mama, umeniandikisha kule? Basi siji.

Alikwenda kwa Bahizire na sare ya kazi mwilini, akamkuta anakunywa chai na wanakwaya wawili, orodha, aliyoachiwa aendelee kukusanya saini, iko mezani.

"Shemeji, futa jina la Divine."

"Kwa nini? Kwani naye ni mmoja wao?"

Wanakwaya wakaacha kunywa. Fébronie alijua chochote atakachosema kitafika hadi mtaa wa Villawood kabla ya jioni. Yeye aliyezoea kushuku watu, leo anashukiwa yeye, na kweli aliona uchungu.

"Sijui," alisema. "Sijamuuliza. Lakini ni mtoto wangu, na jina lake hukuliomba."

Akachukua kalamu, akakata jina la Divine, akakata na lake. Akapiga picha, akamtumia bintiye, na chini akaandika: Jumamosi mje wote wawili. Sombe inatosha.