Mbwa Niliyemkana Kituoni

Nisiwafiche, hii aibu nimeikalia miaka mingi, na hata sasa nikimwona mtu wa Kimulot aliyekuwa kwenye kituo cha majani chai siku ile, mimi huvuka barabara nikajifanya naangalia mahindi ya watu.

Ilikuwa tisini na nne. Mume wangu alikuwa kazini Fort Ternan, anakuja mwisho wa mwezi, nami nimebaki na Chepkoech, binti yetu wa miaka tisa, ambaye akikasirika aliuma, alirusha mawe, na ukimpigia kelele ndio unamwongeza. Shule wakamrudisha nyumbani. Majirani wakaacha kutuma watoto wao kwetu, halafu na wao wenyewe wakaacha kuja, nikawa mpweke hadi nikawa naongea na ng'ombe nikimkamua (na alisikiliza kuliko wengi). Dada yangu wa Siongiroi akaniambia nimtafutie mtoto mbwa, labda atatulia. Nikasita sana. Je, akimpiga? Je, mbwa naye akimuuma? Tukakubaliana nikae na mbwa wake mmoja, Tomi, wiki moja, ndipo niamue.

Siku tatu nzima Chepkoech hakurusha hata jiwe moja. Alikaa na Tomi kando ya zizi, mkono shingoni mwake, wakitazama kuku. Basi siku ya nne, badala ya kumfunga mbwa nyumbani kama mtu mwenye akili, nikasema twende wote kituoni, watu wajionee mtoto wangu alivyotulia. Maringo tu.

Pale kituoni, kila mtu humwaga majani yake juu ya gunia lililopasuliwa, ayachambue kabla karani hajafika na mizani. Sasa Tomi ni mbwa wa kuchunga ng'ombe, huko kwao Siongiroi hakuna majani chai, yeye aliona vitanda vimetandikwa. Akapanda lundo la Mama Kiprono (mwenyekiti wa akina mama kanisani, hakuona mwingine), akazunguka mara mbili, akalala. Mama Kiprono akamtupia kikapu, mbwa akarukia lundo la pili, akafukuzwa, akarukia la tatu, na hapo, kwa woga, akakojoa.

Karani akasema majani hayo yote hayapandi lori la kiwanda. Kisha akauliza, "Hii mbwa ni ya nani?"

Watu wakatazamana. Na mimi, mtu mzima, mwanakwaya, nikajibu kabla ya wote, "Hata mimi siijui. Watu wafunge mbwa zao."

Chepkoech alikuwa nyuma yangu. Kila mtu aliyemjua alirudi hatua moja akingoja mawe, lakini alipita katikati yao polepole, akamshika Tomi shingo, akamwambia karani, "Ni yetu. Inaitwa Tomi."

Mmoja akacheka, wakacheka wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwachia Mama Kiprono majani yangu yote, wale wengine wawili nikawaomba msamaha nikitazama viatu vyao, nikaondoka.

Njiani Chepkoech alitangulia na mbwa. Nikamwuliza kama amenikasirikia, akazidisha hatua. Nikaongeza mwendo, nikamsikia akimwambia Tomi kwa sauti ya chini, "Usijali. Siku wakiuliza mimi ni wa nani, wewe utasema."

Nililia hapo barabarani na kikapu kitupu mgongoni. Maana walishauliza. Kanisani, alipomng'ata mtoto mwenzake, mgeni mmoja aliuliza huyu msichana ni wa nani, nami nikainamia kitabu cha nyimbo kama sijasikia. Sikujua kwamba aliniona.

Tomi alibaki kwetu. Si kwamba Chepkoech aliacha mawe yote, hapana, mengine aliendelea kurusha, na wageni hawakurudi haraka. Ila tangu siku ile, popote nisikiapo mtu akianza kuuliza, "Huyu mtoto ni wa…", mimi huinua mkono hata kabla hajamaliza, na mara mbili nimeuinua kwa watoto wasio wangu.