Marudio Yasiyoguswa

Kama kompyuta inajizolea taka yenyewe, mbona inajaa?

Bosi wangu aliniuliza hivyo mbele ya foleni ya wachimbaji wenye viroba vya mawe, na mimi, mwenye digrii, nikaizima na kuiwasha upya. Alikuwa mama mwenye karasha nne za kusagia mawe ya dhahabu, pembeni mwa mji wa Geita. Nilikuwa nimemwandikia programu ya kupanga zamu na kutoa tiketi za foleni. Kwa kuwa alibadili kanuni kila alipomaliza chai, leo wajane kwanza, kesho mashemeji zake, niliitengeneza ili kila kanuni iingie kama klasi mpya, yaani kipande kipya cha programu, bila kuzima mashine. Klasi za zamani, nilimhakikishia, zitazolewa na lugha ya programu yenyewe.

Hazikuzolewa. Kila alasiri kompyuta iliganda.

"Karasha yangu haina digrii," mzee aliyeiendesha aliniambia, "na haijawahi kuganda."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, msomi."

Mama alinipa hadi Ijumaa. Ikiganda tena, yeye angerudi kwenye daftari na mimi ningerudi Mwadui kwa wazazi. Nikaongeza kumbukumbu ya mashine. Ijumaa ikaganda vilevile, ila kwa kuchelewa kidogo, kama mtumishi wa serikali.

Nikiwa nafungasha, nilimtazama mama mfagiaji akizunguka malundo ya marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa. Juu ya kila lundo palikuwa na kiroba, alama ya mwenyewe. Wenyewe wengine walishahamia machimbo mengine zamani. Hayaguswi, huenda dhahabu imebaki. Uwanja mzima ulikuwa malundo, na kijia cha kupita mtu mmoja. Niliwacheka kimoyomoyo njia nzima hadi nyumbani.

Kumbe ndani ya programu yangu nilikuwa nimehifadhi tiketi moja ya kila kanuni iliyokufa, kwenye orodha, endapo mtu angeuliza. Hakuna aliyeuliza.

Miaka kadhaa baadaye, kwenye kazi nyingine, ndipo nilipojua kwamba klasi haizolewi peke yake. Huondoka pamoja na kipakiaji, ile sehemu ya programu iliyoiingiza, na tiketi moja tu iliyotokana nayo, ikishikiliwa mahali popote, inatosha kuvibakiza vyote viwili.