Récidive ya Tata Lucien

Lucien Mwila hakuogopa kisu. Banganga balimupasua kifua, bakafungua mufupa wa katikati sawa mulango, bakatosha kivimbe chenye kuota ku timusi, ile tezi ya nyuma ya mufupa, karibu na moyo. Alivumilia. Chenye kilimushinda ni neno moja tu.

Siku ya kuonyesha kidonda, munganga wake, Docteur Hénoc, alimuambia:

"Tata, tulitosha yote yenye tuliona. Lakini mufuko wa kivimbe ulikuwa umepasuka kidogo. Kwako iko risque, hatari ya récidive. Kila mwaka utakuja ku skanere, ile mashini ya kupiga picha ya ndani ya kifua."

Lucien akasimama.

"Récidive? Miye? Sijaiba hata musumari!"

Maisha yake yote alikuwa sentineli, mulinzi wa magazini ya reli, fasi ya kuwekea vyombo. Neno récidive alilijua ku tribinali: ni mwizi mwenye kutoka ku gereza leo, kesho iko anakata tena kamba za shaba. Bale bezi, yeye mwenyewe njo alibakamata. Sasa mutoto wa jana anamuita vile? Akavaa kofia, akatoka. Mutu wa heshima haulizake maana ya tusi.

Akarudia kwake, ku komini ya Annexe. Bibi yake Christiane alishakufa. Binti yake Syntiche, mwenye kuuza samaki kule Kasomeno, Lucien njo alimuambia ku simu: "Ugonjwa imeisha kabisa." Mwaka ukafika, siku ya skanere ikapita, hakuenda. Akapika bukari ya mutu mumoja, akakula akitazama kiti cha pili. Kifua kikichoma, hakuna wa kuuliza kinachoma wapi.

Siku moja ku soko ya Ruashi, Annie, infirmière, muuguzi wa Docteur Hénoc, akamushika mukono.

"Tata Lucien! Tulikungojea!"

"Mungojee bezi benu!"

"Bezi gani tena?"

Akamuelezea na hasira yote. Annie akacheka mupaka akashika tumbo.

"Eee tata! Haiko weye, ni kivimbe njo kinaweza kurudia! Mufuko ukipasuka, mbegu ndogo inaweza kubakia, macho haiione."

"Basi itarudia?"

Kicheko kikamuisha Annie.

"Hakuna mwenye kujua, tata. Kwa bengi hairudie. Kwa bengine inarudia hata nyuma ya miaka mingi. Njo maana tunaangalia."

"Na munganga wako hakuweza kusema vile?"

"Ulimuachia nafasi?"

Mu juma ile akaenda ku hospitali. Bakamuuliza amekuja na nani. "Mutoto wangu iko ku mulango," akajibu. Ku mulango hakukuwa mutu.

Docteur Hénoc akatazama picha muda murefu. "Hakuna kitu, tata. Kwa sasa. Mwaka kesho, tena."

Lucien akatoka inje, habari inamujaa kinywa. Akatosha simu, akairudisha mu mufuko. Kumuambia Syntiche "hakuna kitu" ni kumufundisha kuogopa. Akapanda moto, pikipiki ya kubeba batu.

"Manseba," akamuita mwenye kuendesha sawa mujomba, "hakuna kitu!"

"Kitu gani, tata?" yule mwenye moto akauliza.

Lucien akatazama mugongo wake.

"Endesha tu."