Msumari wa Bi Eluned

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeoa hapa Cwm Hesgin, nimezeekea kwenye mvua ya hapa, na watu wa bonde hili nawajua kwa ubishi wao. Wanaweza kukaa kikao jioni nzima wakigombania rangi ya mlango, na wakirudi nyumbani mlango uko vilevile. Lakini nikimwona Eluned Parri akipangusa kaunta ya baa yetu, mwanamke ambaye hajaonja bia tangu azaliwe, nashangaa, na sioni haya kusema.

Alikula kiapo akiwa mtoto, mbele ya mama yake na kanisa zima, kwamba kileo hakitagusa midomo yake. Akapiga kinanda katika kanisa hilohilo mpaka mvi zikamwota. Kisha kanisa likafungwa kwa kukosa watu. Duka likafuata, na basi nalo likaacha kuja. Mlango pekee uliobaki na taa ukawa wa Fahali Mweusi, na mwenye baa hiyo alitaka kuiuza kwa watu wa mbali waigeuze nyumba ya likizo. Hapo kijiji kikaamka. Kila mtu akanunua hisa kwa uwezo wake, baa ikawa yetu sote, tukaanza kutafuta wa kuiendesha. Eluned akanyoosha mkono.

"Wewe?" Beti, mwenyekiti wa kamati, nusura aanguke kitini. "Wewe uliyekuwa ukivuka barabara ili usisikie harufu ya mlango wetu?"

"Kanisa limefungwa, Beti. Nimewafuata waumini walikokwenda."

Basi akashika kazi, na ameishika barabara. Barua zetu zinaachwa kwake. Mkate unaletwa kwake. Kinyozi huja kunyoa watu chumba cha nyuma, na tukizika mtu tunarudi kunywa chai pale. Bia ya kwetu huja kwenye mapipa ikiwa bado hai, chachu ingali inafanya kazi ndani, nalo pipa likishawekwa lazima litulizwe mpaka machicha yazame, na mtu akithubutu kulitikisa Eluned humtazama mpaka ajute. Glasi ya kwanza ya kila pipa huiinua dirishani, akaikagua, akainusa, kisha akampa Beti aonje. Beti ana malalamiko mengi duniani, lakini kazi hiyo sijamsikia akiilalamikia.

Juu ya kaunta kuna boriti nyeusi ya zamani, na kwenye boriti kuna misumari. Kila mwenye hisa ana msumari wake na kikombe chake cha bati kimening'inia. Ukifika, kikombe kinashushwa. Ukiondoka, kinaoshwa na kurudishwa. Na kama jioni inakwisha na kikombe chako hakijashuka siku hiyo, wala hukuaga kwamba unasafiri, mtu atakuja kukugongea mlango. Hatukuliandika popote. Mimi mwenyewe nimegongewa nikiwa na homa, nikafungua kwa matusi, nikakuta supu.

Sasa Idwal. Huyu ni mchungaji wa kondoo, mjane, anaishi peke yake na mbwa wake Mot juu kabisa, barabara inapokatia tamaa. Tulipokuwa tunachangishana, yeye alikataa. Alisimama kikaoni akasema mali ya wote haina mwenyewe, na kwamba mwaka hautakwisha tutakuwa tumeshikana mashati. Akarudi mlimani kwake. Baa ilipofunguliwa, mteja wa kwanza kupiga hodi akawa nani? Huyohuyo, na kikombe chake mfukoni.

"Asiye na hisa hana msumari," Beti alimwambia.

"Sikuomba msumari. Nimeomba bia."

Eluned alikichukua kikombe cha Idwal, akakitundika kwenye msumari uliokuwa mtupu. Ulikuwa wake mwenyewe. Alikuwa na hisa, lakini mtu asiyekunywa atundike nini?

"Huo ni wako, Eluned!" Beti akafoka.

"Ndiyo. Na nimemkaribisha mgeni."

Usidhani walikuwa marafiki baada ya hapo. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa wawili walikaa zizi moja kila siku bila kuongea zaidi ya "Habari" na "Nzuri". Idwal alikuwa akimlaumu kwamba zamani kanisani alikuwa akiburuta nyimbo. Eluned naye alisema Idwal angeimba hata mazishi mbiombio ili awahi kondoo. Kitu kimoja tu hakuna aliyekibishia: besi ya Idwal. Jumamosi watu wakianza kuimba, kama ilivyo desturi, sauti ile ilitoka kwenye kona yake nyuma ya mlango, chini kabisa, na ukiwa umeegemea kaunta uliisikia kwenye mbao.

Jumamosi moja ya baridi kali vijana wetu walicheza raga na timu kutoka bonde la pili. Mchezo ulipokwisha, wachezaji na mashabiki wao wakamiminika ndani na matope yao. Dilwyn, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa na zamu ya kujitolea kuhudumia, jasho likimtoka. Glasi zikaisha. Eluned alikuwa chumba cha chini akishughulikia pipa, na alipopanda wimbo ulikuwa tayari umeanza, ule wa kanisani ambao hapa kila mtu anaufahamu tangu tumboni.

Nilikuwa karibu na moto, kwa hiyo nilimwona. Alisimama na kitambaa mkononi, akainamisha kichwa kidogo. Akatazama boriti. Msumari wa Idwal ulikuwa mtupu, maana yake amefika. Akatazama kona nyuma ya mlango, lakini watu walikuwa wamejazana mpaka huwezi kuona kitu. Akasikiliza tena. Kisha akaishika kamba ya kengele ya kufungia baa, akaipiga.

Saa kumi jioni! Kelele zikapanda.

"Bi Eluned, leo umeonja nini?" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

"Idwal hayupo," alisema.

"Yupo, Bi Eluned," Dilwyn akajibu. "Tazama msumari wake."

"Nimeutazama. Lakini besi siisikii."

Hapo kijana mmoja wa timu ya wageni, jitu lenye masikio yaliyovimba, akainua mkono polepole. Alikuwa na kikombe cha bati. "Samahani, Mama. Hiki ndicho nilichopewa."

Dilwyn akawa mweupe kama chokaa. "Glasi ziliisha," alisema. "Nilikishusha tu... Mungu wangu. Nilikishusha mimi."

Hakuna aliyemgombeza. Kila mtu alikuwa anapiga hesabu ileile kichwani: mzee wa karibu miaka themanini, barafu tangu asubuhi, giza linaingia, ukungu unashuka, na simu hazishiki kule juu. Kama si kelele ya mchezo, tungeshamuulizia mapema. Tulidhani yupo.

Nataka kueleza kilichofuata na sijui kama nitaweza. Baa ile ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, na ndani ya muda mfupi ikawa tupu. Hawakungoja kuambiwa. Watu wa bonde hili, wanaogombania rangi ya mlango, walipanda mlima bila neno moja la ubishi. Beti alipanda na viatu vya kanisani. Wageni walipanda na kaptura zao, magoti yanavuja damu ya mchezo. Niligeuka mara moja nikaona mlango umeachwa wazi, moto unawaka, na bia imeachwa kaunta. Hakuna aliyebaki kuilinda.

Nyumbani kwa Idwal hatukukuta mtu, wala Mot. Pikipiki yake ya magurudumu manne nayo haikuwepo. Tukatawanyika mlimani tukiita jina lake, kila mtu kwa sauti yake, na ukungu ukaturudishia sauti zetu wenyewe kwa fujo. Giza lilikuwa linatuzidi mbio. Nilimsikia Dilwyn karibu nami akiita na kulia.

"Nyamazeni!" Ilikuwa sauti ya Eluned, akihema. "Mnapiga kelele hivyo, akijibu mtamsikiaje? Tuimbe. Ule wimbo. Tukifika pale besi inapoingia peke yake, msiimbe. Hata mtu mmoja."

"Eluned, mama, mtu anakufa tuimbe?" Beti alimuuliza.

"Imba, Beti."

Tukaimba. Tulisimama mlima mzima, hatuonani, sauti za soprano kule bondeni, za tenor huku juu, wageni wakifuatisha. Nimesikia kwaya nyingi, zenye makoti mazuri, sijapata kusikia kitu kama kile. Tukafika mahali pa besi. Tukanyamaza.

Upepo tu.

"Tena," Eluned akasema. "Kutoka mwanzo."

Tukaimba tena, tukafika palepale, tukanyamaza. Na kutoka nyuma ya ukuta wa mawe, chini mkono wa kushoto, ikaja sauti. Ilikuwa imekauka, imevunjika, imechelewa, lakini ilikuwa chini kabisa mahali ambapo hakuna mwingine anayefika. Mzee yule aliumaliza mstari wake, kisha Mot akabweka.

Pikipiki ilikuwa imempindukia mguuni. Mbwa alikuwa amemlalia kifuani, na nadhani ndiye aliyemweka hai. Lile jitu la masikio na wenzake waliinua chuma kile kana kwamba ni kiti. Eluned alipiga magoti kwenye barafu akamfunika kwa koti lake. Idwal akafumbua jicho moja.

"Bado unaburuta," akanong'ona.

"Na wewe ulichelewa kuingia," Eluned akamjibu, machozi yanamtiririka.

Alilazwa hospitali mpaka majira ya kondoo kuzaa, na kijiji kikamzalishia kondoo wake. Siku aliyorudi baa alikuwa na fimbo mkono mmoja na nyundo mkono mwingine. Dilwyn alishusha kikombe cha mzee, akakijaza mpaka kikamwagika.

"Sasa utanunua hisa, Mzee Idwal," Beti alisema, kwa upole usio wake.

"Sinunui. Na sijabadili mawazo. Mtashikana mashati."

Akaburuta kiti, akapanda juu yake na ule mguu mbovu, sote tukimshikilia huku na huku. Akatoa msumari mfukoni, akaupigilia kwenye boriti kando ya ule wa kikombe chake. Beti alifungua mdomo, maana kamati haikuwa imeruhusu, akaufunga. Kisha Idwal akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso. Kilikuwa kikombe cha chai, cheupe, kizito, chenye jina la kanisa letu ubavuni. Vilipouzwa vyombo vya kanisa, kumbe kimoja alikinunua yeye. Akakitundika.

"Cha nani hicho?" Eluned akauliza.

"Chako."

"Mimi sinywi, Idwal. Unajua."

"Nani kakwambia unywe bia? Kunywa chai." Alishuka kitini polepole, hakumtazama usoni. "Jioni zote unahesabu vikombe vya watu. Ukishafunga, unavuka barabara kwenda kwenye nyumba isiyo na mtu. Siku usipokuja wewe, nani atajua akakugongee?"

Eluned alishika ukingo wa kaunta. Mimi nilitazama moto, maana kuna mambo si vizuri kuyatazama. Baadaye nilisikia birika likiwekwa, na nilipogeuka alikuwa amekaa upande wetu wa kaunta, kwa mara ya kwanza, na kile kikombe mikononi.

Siku hizi nikiingia Fahali Mweusi, kabla sijavua koti, huinua macho kuutazama msumari wa Eluned. Nikiukuta mtupu, naagiza bia yangu. Nimemwona Beti akifanya hivyohivyo, na Dilwyn, na kila anayepita mlango ule.